Uzi maalumu: tunaosubiri toleo jipya la jarida la treni za mfano tukutane hapa

Mataruma (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Naufungua uzi huu kwa ajili yetu tunaosubiri toleo jipya. Lililopita tumeshalimaliza, kuanzia neno la mhariri hadi matangazo madogo ya nyuma, na kila mmoja ana ukurasa wake ulioanza kuchakaa kwa kufunguliwa. Wangu ni ukurasa wa mwisho wa sehemu ya pili ya makala ya kichwa cha 5700. Mnaukumbuka: fremu imelazwa chali juu ya kitambaa, mabamba yake mawili yameshalehemiwa, vipande vya kuyatenganisha vimekaa sawasawa, matundu ya ekseli ya nyuma yametobolewa, ya kati na ya mbele hayajaguswa. Chini ya picha, neno moja tu: "Itaendelea."

Kwa wageni wa jukwaa: 5700 ni vichwa vidogo vya mvuke vya kampuni ya reli ya Great Western ya Uingereza, magurudumu sita, matangi ya maji yamening'inizwa kushoto na kulia mwa boila. Vilijengwa 863 kati ya 1929 na 1950, kwa hiyo ukitengeneza karibu tawi lolote la Great Western la miaka hiyo utakihitaji. Mwandishi wetu anakijenga kwa skeli ya milimita 4 kwa futi, kwenye geji ya P4, yaani 18.83 mm kutoka reli hadi reli. Hapo ndipo penye kazi. Kwenye P4 karibu kila kitu kimepunguzwa kwa uwiano wa kitu halisi, hata mwanya wa kupitishia ukingo wa gurudumu kwenye pointi (pale njia inapogawanyika), ambao ni kama 0.68 mm tu. Ukingo wenyewe ni mfupi mno. Reli ikipanda au kushuka kidogo na fremu yako ni ngumu, gurudumu moja linabaki hewani, na likishabaki hewani halichukui umeme wala halishiki njia.

Kwa hiyo swali la sehemu ya tatu ni moja: ekseli zitachezaje? Boriti au springi? Mwandishi hakudokeza. Fremu yangu iko mezani, matundu ya ekseli mbili hayajatobolewa, na sigusi drili mpaka nisome.

Nani mwingine yuko kwenye foleni? Na unasubiri nini humo?

Behewa la Nyuma

Nipo mkuu, nimeshaweka kambi.

Mimi 5700 nitaisoma kwa sababu ni nzuri, lakini ninachosubiri ni michoro. Toleo lililopita waliahidi mchoro wa behewa la mizigo la mbao, pande zote nne na sehemu ya chini. Sehemu ya chini! Picha za ubavuni zinapatikana kila mahali, ila jinsi fito za breki zinavyopita chini ya sakafu hakuna anayepiga picha, maana ni lazima ulale kwenye kokoto.

Uzuri wa mchoro wa jarida ni kwamba umechapwa kwa skeli yenyewe. Unachukua kipande chako cha plastiki, unakilaza juu ya karatasi, unaona kama kimezidi. Naweka vernia kalipa kwenye mstari, nasoma, nakata. Hakuna hesabu katikati ya kukosea.

Jambo moja kwa wanaoanza, maana nimeona watu wanapata shida: kabla hujapima chochote, pima kwanza ule mstari wa skeli uliochorwa chini. Karatasi hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, na mashine za kunakili huvuta upande mmoja kuliko mwingine. Mstari wa futi 20 kwenye skeli ya milimita 4 lazima uwe 80 mm. Ukiwa 79, mchoro wote umepungua na unajua upungufu ni kiasi gani. Pima wa wima na wa mlalo, usipime mmoja.

Na kama skeli yako si ya jarida, asilimia ni hizi, mimi nimezibandika ukutani. Mchoro wa milimita 7 kwenda milimita 4, punguza hadi 57.1. Milimita 4 kwenda HO, ambayo ni milimita 3.5 kwa futi, punguza hadi 87.5. HO kwenda milimita 4, kuza hadi 114.3. Milimita 4 kwenda 2 ni nusu, hiyo haina mjadala.

Geji Tisa

Nipo pia. Sisi wa N, njia ya 9 mm, tumezoea kupewa kurasa chache, kwa hiyo tunasubiri kwa hamu zaidi ya wote.

Mgeni wa Reli

Wakuu samahani, mimi mgeni, naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Mtandaoni kuna video nyingi za watu wanajenga treni za mfano, bure, unaona mikono yao kabisa. Kwa nini mnasubiri jarida? Na swali la pili, mkuu ametaja 18.83 mm. Mimi nimenunua seti ya OO, reli zake ni 16.5 mm, na boksi limeandikwa skeli ya 1:76. Sasa 18.83 imetoka wapi?

Mzee Signali

Karibu sana Mgeni, na maswali yako ni ya maana. Ngoja nianze na la pili kwa sababu lina hesabu.

Reli halisi ya geji ya kawaida ina upana wa 1,435 mm. Gawanya kwa 76.2, ambayo ndiyo skeli ya milimita 4 kwa futi, utapata 18.83. Hiyo ndiyo P4. Seti yako ina mwili wa treni wa 1:76.2 lakini njia ya 16.5. Zidisha 16.5 kwa 76.2 utapata kama 1,257 mm, yaani njia yako ni nyembamba kuliko halisi kwa karibu sentimita 18 za ukubwa wa kweli. Ukisimama mbele ya kichwa cha treni ukakitazama usoni, utaona magurudumu yameingia ndani.

Ilitokeaje? Njia ya 16.5 inalingana na HO, 1:87, ambako hesabu inakaa vizuri kabisa. Treni za Uingereza zimejengwa ndogo kuliko za bara la Ulaya na Marekani, kwa sababu madaraja na mahandaki yao ya zamani ni finyu. Mota za miaka ya 1920 hazikuingia ndani ya mwili mdogo kiasi hicho kwa 1:87. Watengenezaji wakakuza mwili hadi milimita 4 kwa futi, njia wakaiacha ilivyo. Hornby Dublo ya 1938 ikaja na mpangilio huohuo, na tangu hapo karibu biashara yote ya Uingereza ikaufuata. Katikati kuna watu wa EM, wao wana 18.2 mm. Wote ni wenzetu, wote treni zao zinatembea, na jarida linawachapisha wote.

Sasa la video. Mimi nazitazama, na nimejifunza mengi humo, hasa kupaka rangi na kuchakaza, maana rangi ikiwa bado mbichi ina mwendo ambao picha haikuonyeshi. Lakini jarida linafanya kazi nyingine. Mwandishi wa jarida anatakiwa ampe mhariri vipimo, na mhariri anamrudishia: hapa umesema "kidogo", kidogo ni milimita ngapi? Makala ikifika kwako, neno "kidogo" limeshakuwa 0.3 mm. Ndicho ninachokisubiri mimi.

Na jarida linakaa. Railway Modeller la Uingereza lilianza 1949 na matoleo yake yote tangu hapo yanasomeka kwenye hifadhi yake ya kidijitali. Model Railroader la Marekani ni la 1934, Loco-Revue la Ufaransa 1937, MIBA la Ujerumani 1948. Ukichukua mpango wa stesheni uliochapishwa kabla hujazaliwa, unaweza kuujenga wikiendi hii na ukafanya kazi. Mfano mzuri ni Minories wa Cyril Freezer, uliotoka Railway Modeller mwaka 1957. Stesheni ya mjini ya mwisho wa njia, majukwaa matatu, njia mbili za kuingilia. Watu mpaka leo wanaujenga, na sababu iko kwenye jinsi alivyopanga pointi. Katika safari nyingi kati ya njia na jukwaa, treni haipiti kona ya kulia ikifuatwa papo hapo na kona ya kushoto kwa namna itakayofanya bafa za mabehewa, zile zinazogusana, zikosane. Amepata hilo bila kuongeza urefu. Mtu amekaa na penseli mpaka ameona.

Mgeni wa Reli

Shukrani nyingi Mzee, shikamoo. Nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Nabaki kwenye uzi huu.

Mzee Signali

Marahaba. Usiondoke, kuna mengine.

Fundi Lehemu

Mataruma, mkuu, turudi kwenye ekseli. Mimi kura yangu ni boriti, na naamini mwandishi ataenda huko kwa sababu ya ile picha unayoisema. Ekseli ya nyuma ameitoboa tundu la duara, la kudumu. Anayekwenda na springi kwa kawaida huacha ekseli zote tatu zicheze. Ukiona moja imefungwa, ujue giyaboksi inakaa pale na zile mbili nyingine zitabebwa na boriti moja katikati.

Naeleza kwa ajili ya Mgeni na wengine. Ekseli ya nyuma imefungwa, kwa hiyo fremu ina miguu miwili pale, gurudumu la kushoto na la kulia. Ekseli ya kati na ya mbele zinapanda na kushuka kwenye mianya ya wima, kila moja ndani ya visanduku vyake vya beringi. Juu ya ekseli hizo mbili, katikati kabisa ya fremu, unalaza boriti ya waya au bomba dogo la shaba, nayo inajizungusha kwenye pini moja. Pini hiyo ndiyo mguu wa tatu. Sasa una kigoda cha miguu mitatu: kiweke kwenye sakafu ya namna gani, hakiyumbi, miguu yote inagusa. Gurudumu la mbele likipanda kwenye kiungo cha reli, la kati linashuka, na uzito unabaki kwenye yote sita.

Springi nazo nazijua, nimejengea mabehewa. Zinatembea laini, hata sauti yake ni nzuri zaidi, kichwa hakigongigongi kwenye viungo. Lakini springi zinataka ujue uzito wa mwisho wa kichwa kabla ya kuchagua unene wa waya, na wengi wetu uzito tunauongeza mwishoni kabisa, tukishajua nafasi iliyobaki ndani ya matangi.

Mataruma (mleta uzi)

Fundi, umenena vizuri, lakini nina wasiwasi na fito za kuunganisha magurudumu. Fito ikiwa kipande kimoja kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ekseli ya kati itapandaje?

Fundi Lehemu

Haitapanda. Lazima ukate fito vipande viwili na kuviunganisha kwa kiungo, ama kwenye pini ya gurudumu la kati, ama pembeni yake kidogo kama zilivyo fito za vichwa vingi halisi. Seti nyingi za shaba iliyochongwa kwa asidi zinakuja na tabaka za kukuwezesha kuchagua.

Na hizo fito zitengeneze kwanza, kabla ya visanduku vya beringi. Ndizo zitakazokupimia umbali wa ekseli. Unapitisha ekseli ndefu za kupimia, zile zenye ncha iliyopunguzwa ili iingie kwenye tundu la fito, unavalisha fito, kisha visanduku unavilehemu mahali fito inapovitaka. Vipimo vya mchoro vinasema 29 mm na 33 mm kwa 5700, kwa kuwa kitu halisi ni futi 7 na inchi 3, halafu futi 8 na inchi 3. Lakini fito yako ikitoka 28.9, fremu nayo ifuate 28.9. Fito na fremu zikitofautiana, kichwa kitakwama kila mzunguko na hakuna mota itakayokiokoa.

Geji Tisa

Hili la fito kwanza lingestahili kubandikwa juu ya jukwaa. Linatufaa hata sisi wa 9 mm.

Kokoto

Wapendwa, mimi naleta kitu cha kufanya wakati tunasubiri, maana naona mmekaza macho mlangoni.

Nimejenga Inglenook kwenye ubao mmoja. Kwa asiyeijua: ni mchezo wa shanti, yaani kupanga mabehewa, uliobuniwa na Alan Wright. Njia tatu za pembeni, moja inachukua mabehewa matano, mbili zinachukua matatu matatu, na njia ya kuvutia inatosha kichwa na mabehewa matatu tu. Mabehewa yako ni manane. Unaanza na matano kwenye njia ndefu na matatu kwenye fupi moja. Unapiga kura ya kadi, unapata matano kwa mpangilio, na kazi yako ni kuyapanga hivyohivyo kwenye njia ndefu. Pointi mbili tu. Ubao unaingia kwenye rafu ya vitabu.

Mtu akikwambia utachoka nao, mpe hesabu: behewa la kwanza lina uwezekano wa nane, la pili saba, la tatu sita, la nne matano, la tano manne. Jumla treni 6,720 tofauti. Mimi naicheza jioni, na kitu kilichonivutia zaidi ni mwendo wa polepole. Ukikimbiza kichwa, mabehewa yanagongana na mchezo unakufa. Ukienda kwa mwendo wa mtu anayetembea na bendera kando ya njia, unaanza kuyaona mabehewa kila moja peke yake, lile lenye ubao uliobadilishwa, lile lililoandikwa kwa chaki. Ndipo utakapoona kwamba lebo zako ziko juu sana au magurudumu yanang'aa mno.

Mimi kwenye toleo jipya nasubiri makala ya kokoto. Jina langu linasema. Waliahidi kuonyesha kokoto za njia kuu na za yadi zinavyotofautiana. Wengi tunazimwaga sawa kila mahali, wakati yadi halisi ni vumbi la makaa, majivu na majani, na mataruma yamezama mpaka unaona migongo yake tu.

Behewa la Nyuma

Dada Kokoto, gundi unatumia ipi isije ikaganda kwenye ndimi za pointi, zile reli zinazosogea?

Kokoto

Gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, na tone la sabuni ya vyombo ili isijikusanye juu ya kokoto kama shanga. Kwanza lowanisha kokoto kwa maji ya kupuliza, halafu dondosha gundi taratibu. Karibu na ndimi usidondoshe kabisa: paka gundi isiyochanganywa na maji kwa brashi kati ya mataruma, nyunyiza kokoto kwa vidole, acha. Na ndimi ziache katikati ya mwendo wake gundi inapokauka, halafu zisogeze kila baada ya muda kidogo.

Mzee Signali

Nimefurahi Kokoto ametaja mwendo wa polepole, kwa sababu unanikumbusha kitu ambacho bila majarida tusingekijua.

Mchungaji Peter Denny alijenga reli ya mfano iitwayo Buckingham kwa EM kuanzia miaka ya 1940, akaandika habari zake kwa miongo kwenye Railway Modeller. Aliiendesha kwa ratiba, kwa kengele za ishara kati ya stesheni na stesheni kama reli halisi: unapiga, mwenzako upande wa pili anajibu, ndipo unapotoa treni. Mwanawe Crispin ndiye aliyekuwa mwenzake. Kwa ajili ya nyakati ambazo Crispin hayupo, Denny alitengeneza mashine ya kushika nafasi yake, ya kujibu kengele upande ule. Akaiita Automatic Crispin. Hebu fikirini hilo: kabla ya kompyuta kuingia majumbani, mtu anatengeneza mwendeshaji wa pili kwa vipande vya chuma na waya ili ratiba isikatike.

Wasomaji wa wakati ule walikuwa wanasubiri sehemu inayofuata kama sisi. Walijua stesheni zake kwa majina, walijua ipi imehamishwa na ipi imejengwa upya. Upande wa Marekani hali ilikuwa hivyohivyo kwa John Allen na reli yake ya mfano, Gorre & Daphetid, kule Monterey, California. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli ile. Kilichobaki kwa wengi wetu ni picha zake, na nyingi zilitufikia kupitia majarida. Milima ya sakafuni hadi darini, madaraja yaliyopishana, yote yamebaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo mimi toleo likichelewa sinuni. Mtu amekaa mahali anapiga picha ya fremu mara ya tatu kwa sababu kivuli kimeziba pini. Acha apige.

Geji Tisa

Mzee, kwa heshima yako, mimi naumia kidogo likichelewa, kwa sababu nimelipia usajili wa mwaka na naona wengine wameshalipata. Nadhani mhariri akiweka tangazo fupi tu, "limekwenda kiwandani tarehe fulani", tungetulia wote. Sihoji ubora.

Mzee Signali

Hapo tuko pamoja. Taarifa fupi haigharimu kitu, na msomaji aliyelipa anastahili kuipata.

Mataruma (mleta uzi)

Wakuu, naomba tukubaliane mapema: atakayepata toleo kwanza aseme tu kwamba limefika na ataje makala zilizomo. Asipige picha kurasa kuziweka hapa. Watu wanaoandika humo wanalipwa kwa sisi kununua, na mchoro wa mtu ni kazi yake. Anayetaka kujadili makala asubiri wengine nao wapate.

Fundi Lehemu

Naunga mkono.

Kokoto

Naunga mkono pia. Na swali likiwa la kiufundi tulijibu kwa maneno yetu, si kwa kurasa zao.

Behewa la Nyuma

WAKUU. LIMEFIKA.

Nimelipokea mchana huu. Yaliyomo kwa ufupi: 5700 sehemu ya tatu ipo, kurasa za kutosha na michoro. Behewa la mbao lipo, na SEHEMU YA CHINI IPO, wakuu, fito zote za breki zimechorwa. Makala ya kokoto ipo. Kuna stesheni ndogo ya N yenye picha nzuri sana, Geji Tisa utafurahi. Kuna pia makala ya kurekebisha giyaboksi zenye kelele. Sisemi zaidi.

Mstari wa skeli nimeupima kabla ya kusoma neno lolote. Uko sawa kabisa, wima na mlalo.

Geji Tisa

Asante kwa kunipa moyo mkuu. Naenda kukaa mlangoni.

Mgeni wa Reli

Nami nimeagiza, la kwanza kwangu. Nikilipata nitakuja na maswali, mnivumilie.

Mataruma (mleta uzi)

Langu nami limefika. Nimesoma sehemu ya tatu mara mbili kabla ya kuja hapa, na kwa kuwa naamini wengi mmeshalipata, tuijadili.

Fundi, ulikuwa sahihi. Boriti moja katikati, ekseli ya nyuma imefungwa. Lakini amefanya kitu ambacho sikukitegemea: pini ya boriti hakuiweka kwenye tundu la kudumu. Ametoboa tundu refu kidogo wima na kuishikilia pini kwa skrubu ndogo ya M1.4, ili baada ya kuunganisha aweze kupandisha au kushusha mbele mpaka urefu wa bafa uwe sawa na wa nyuma. Picha yake inaonyesha bafa zinapimwa kwa kipande cha bati kilichokatwa kwa kimo chake, kimesimamishwa kwenye reli. Rahisi, na sikuwahi kuifikiria.

Swali langu liko kwenye uzito. Amesema kitovu cha uzito kiwe "karibu na ekseli ya kati" halafu akaendelea. Kwa nini pale? Mimi nilitaka kuweka risasi mbele, ndani ya sanduku la moshi, maana ndiko kuna nafasi.

Fundi Lehemu

Tupige hesabu pamoja mkuu, inapendeza.

Anza kupima kutoka ekseli ya nyuma, iwe sifuri. Ekseli ya kati iko 33 mm, ya mbele iko 62 mm. Boriti inalala juu ya hizi mbili, na pini iko katikati yao, yaani 47.5 mm. Kwa sababu pini iko katikati, chochote kinachoishukia kinagawanywa nusu kwa nusu kati ya ekseli hizo mbili. Unataka ekseli zote tatu zibebe sawa, theluthi moja kila moja. Basi pini ibebe theluthi mbili na ekseli ya nyuma theluthi moja. Kitovu cha uzito kinatakiwa kuwa theluthi mbili ya safari kutoka nyuma hadi kwenye pini: 47.5 mara mbili gawanya kwa tatu, ni 31.7 mm. Ekseli ya kati iko 33. Ndiyo maana akasema "karibu na".

Ukijaza risasi kwenye sanduku la moshi, kitovu kinakwenda mbele, ekseli ya nyuma inakuwa nyepesi, na ndiyo iliyobeba giya. Magurudumu yake yatachukua umeme vibaya na kushika njia kwa shida. Jaza matangi ya pembeni, sehemu ya nyuma zaidi kuliko ya mbele, kwa sababu mota na giyaboksi zenyewe tayari zina uzito wake. Kupima ni rahisi: laza kichwa kizima juu ya kipande cha msumari mviringo, kiviringishe polepole mpaka kikae bila kuangukia mbele wala nyuma. Hapo palipo msumari ndipo palipo kitovu. Weka alama kwa penseli kwenye fremu, pima kutoka ekseli ya nyuma.

Mataruma (mleta uzi)

Nimeelewa kabisa. Basi nafasi ya sanduku la moshi nitaiacha kwa kapasita ya kushikilia umeme, na risasi iende matangini. Visanduku vya beringi nimeshavitoa kwenye pakiti, na fito nimezikata vipande viwili kwenye pini ya kati. Nikimaliza kulehemu cha kwanza nitaweka picha ya kazi yangu hapa, muikague kabla sijalehemu cha pili.

Fundi Lehemu

Iweke ikiwa na ekseli za kupimia ndani na fito zimevalishwa, picha kutoka juu, si ya pembeni. Kutoka juu ndipo tutaona kama ekseli ziko sambamba.

Kokoto

Na mimi nimemaliza makala ya kokoto. Nitafungua uzi wake, maana nataka tuzungumzie yale majivu ya yadi kwa urefu. Geji Tisa, umepata?

Geji Tisa

Limefika sasa hivi dada. Nipe muda nisome.